Rivolva ya Babu: Uchambuzi wa Kisa cha Kutambua na Kuthamini Nakala ya Smith & Wesson Iliyorithiwa

Usuli

Kisa hiki kinahusu rivolva moja iliyoachwa na mzee aliyefariki, na watoto wake watatu waliotakiwa kugawana mali yake. Kwa makubaliano na familia nimeondoa majina, mahali, tarehe za msiba na namba za silaha yenyewe. Mengine nimeyaacha kama yalivyotokea, pamoja na makosa yangu, kwa sababu sehemu kubwa ya mafunzo ya kisa hiki imo ndani ya makosa hayo.

Aliyenitafuta alikuwa binti mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Rivolva ilikutwa juu ya kabati, ndani ya sanduku la bati, imefungwa kwa kitambaa cha pamba kilicholoa mafuta ya mashine. Simulizi waliyokua nayo wote watatu ilikuwa moja: babu yao, aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alipewa silaha hiyo na afisa wa Kimarekani mwaka 1918 kama zawadi ya kuagana. Ubavuni mwa silaha kulikuwa na nembo ya herufi zilizosukwa pamoja, na nembo hiyo waliisoma kuwa ya Smith & Wesson, kampuni ya Springfield, Massachusetts. Kwao simulizi na nembo vilithibitishana.

Jambo lililoifanya familia itafute mthamini ni mgawanyo wa mali. Kaka wa pili alitaka rivolva ibaki kwake na alikuwa tayari kuachia sehemu kubwa ya fedha zake za urithi ili aipate. Kiasi alichokubali kuachia alikipata kwa kutazama bei ya Smith & Wesson moja ya kaliba .455, yaani kipimo cha unene wa risasi kwa sehemu za inchi, iliyokuwa ikitangazwa kuuzwa. Binti mkubwa aliona kiasi hicho ni kikubwa mno kukubaliwa bila uhakika, ingawa yeye mwenyewe angefaidika nacho. Aliniandikia maneno ambayo niliyaheshimu sana: “Mzee wangu, sitaki mdogo wangu aje kujua baada ya miaka kumi kwamba tulimnyang’anya. Tuambie tu kama ni ya kweli au ni feki, tujue pa kuanzia.”

Kabla ya kunitafuta, kitinda mimba alikuwa ameanza kuisafisha silaha kwa brashi ya waya na msasa ili ing’ae siku ya kikao cha familia. Alisugua ubavu wa kushoto, akachoka, na ubavu wa kulia ukabaki salama.

Mawasiliano ya kwanza na kosa langu la kwanza

Nilitumiwa picha tatu zilizopigwa kwa simu usiku, chini ya taa iliyofanya chuma kimetemete. Katika picha ya pili niliona alama ndogo yenye taji. Nikajibu siku hiyo hiyo kwamba rivolva si ya Smith & Wesson, kwamba huenda ni kazi ya Liège nchini Ubelgiji, na kwamba thamani yake ni ndogo.

Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ilikuwa sahihi. Sehemu ya pili ilikuwa kubahatisha. Ni kweli kwamba Liège ilitoa nakala nyingi sana za rivolva za Kimarekani, na ni kweli kwamba alama ya nyumba yake ya majaribio, mahali silaha hupimwa usalama kwa kufyatuliwa, yaani umbo la yai lenye herufi ELG na nyota, iliongezewa taji juu yake mwaka 1893. Lakini taji peke yake halisemi kitu. Uingereza pia iliweka taji katika alama zake, za wakaguzi wa jeshi na za nyumba za majaribio. Niliona taji, sikuliona yai wala herufi, na akili ikajaza yasiyokuwepo kwa mazoea ya miaka mingi.

Kosa zito zaidi halikuwa hilo. Nilizungumzia thamani kabla sijauliza kama silaha ilikuwa na risasi ndani.

Usalama na sheria

Swali hilo nililiuliza siku iliyofuata, na jibu likanifanya niketi chini. Binti mkubwa alisema hawajui, kwa sababu silaha haifunguki. Kaka yake alijaribu kuichokonoa kwa bisibisi ikakataa. Maana yake ni kwamba silaha ambayo hakuna aliyejua hali yake ilikuwa imepita mkononi mwa watu watano au sita kwa karibu mwezi mzima, na mmoja wao alikuwa amekaa nayo mapajani akiisugua.

Nilimwomba mambo manne, na nikamweleza sababu ya kila moja. Asiyeruhusiwa na sheria asiiguse tena. Mtutu uelekezwe mahali ambapo hata ikifyatuka haitamdhuru mtu. Nyundo isivutwe wala isigongwe, kwa sababu katika rivolva nyingi za zama hizo pini ya kufyatulia imeunganishwa na nyundo yenyewe, na pigo dogo likiikuta nyundo imelalia risasi linaweza kutosha kuilipua. La nne, atoe taarifa polisi siku hiyo hiyo kama msimamizi wa mirathi, kwa sababu kurithi silaha si kurithi ruhusa ya kuwa nayo. Leseni, kama marehemu aliwahi kuwa nayo, haihami pamoja na mali. Alihofia kwamba kutoa taarifa kungeifanya familia ionekane yenye hatia. Nikamwambia kwamba anayekwenda mwenyewe, mapema, na cheti cha kifo mkononi, yuko katika nafasi tofauti kabisa na anayekutwa nayo.

Ofisa alikuja kuichukua nyumbani, akaipeleka kwa fundi wa silaha mwenye kibali. Fundi aliilowesha mafuta ya kulegeza kutu kwa siku mbili, kisha akainua komeo lililo juu ya fremu, mbele ya nyundo. Mtutu ukakunjika kuelekea chini na nyota ya kusukuma maganda ikapanda nusu njia, ikakwama. Katika chemba sita, nne zilikuwa tupu. Mbili zilikuwa na risasi nzima, shaba yake ikiwa imeota ukungu wa kijani kama wa sarafu iliyozikwa. Moja ilikuwa chini ya nyundo.

Fundi alizitoa kwa kijiti cha mbao, akazikabidhi polisi, na kuanzia hapo silaha ilikaa kwake kwa maandishi hadi mwisho wa shughuli. Uchunguzi wangu wote uliofuata niliufanyia katika karakana yake.

Utambuzi: umbo kabla ya jina

Nilianza upya, na safari hii nikaacha alama zote kwa mwisho. Jina na nembo ndivyo vitu rahisi zaidi kuiga katika silaha, kwa hiyo ndivyo vinavyopaswa kuaminiwa kwa kuchelewa. Umbo la mashine ni gumu zaidi kudanganya.

Rivolva hii hufunguka kwa kukunjika katikati: mtutu na silinda huinama mbele juu ya bawaba, na maganda yote husukumwa nje kwa mkupuo mmoja. Mtindo huo Smith & Wesson waliutoa katika rivolva yao kubwa ya kwanza, Model No. 3, mwaka 1870. Lakini Smith & Wesson za .455 ambazo Uingereza ilinunua wakati wa vita zilikuwa za mtindo mwingine kabisa, uliotokana na rivolva iliyoanza 1908 ambayo wakusanyaji huiita Triple Lock: fremu yake ni kipande kimoja, na silinda hutoka kando. Hiyo ndiyo aliyoiona kaka wa pili katika tangazo. Silaha mbili zilizotofautiana kiasi hicho zingeweza kutenganishwa na mtu yeyote kwa kuzitazama pamoja kwa dakika moja, na hakuna aliyefanya hivyo, kwa sababu wote walikuwa wakitazama nembo.

Kaliba niliipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, kwenye mdomo wa kila chemba, nikalinganisha na risasi zilizotolewa. Ilikuwa .455 ya Kiingereza, na nyuma ya silinda hapakuwa na dalili ya kuchongwa ili ipokee risasi ya .45 ya bastola za Marekani, jambo lililofanyika kwa rivolva nyingi za kaliba hii na ambalo huziharibu kwa mkusanyaji na kuzifanya hatari kwa mpigaji.

Basi nilikuwa na umbo la Kimarekani la 1870 lililobeba kaliba ya kijeshi ya Uingereza. Smith & Wesson wenyewe hawakuiuzia Uingereza rivolva ya namna hiyo kwa ajili ya vita. Ubelgiji, niliyoitaja kwa haraka, ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani tangu 1914. Swali likabaki moja: nani alikuwa akitengeneza nakala za Model No. 3 kwa wingi mwaka 1915, na alikuwa huru kuiuzia Uingereza?

Jibu ni Eibar, mji wa Wabaski kaskazini mwa Hispania. Warsha zake zilikuwa zikiiga Smith & Wesson tangu miaka ya 1880, na jeshi la Hispania lenyewe lilikubali nakala iliyotengenezwa na Orbea Hermanos kuwa rivolva yake ya mwaka 1884. Hili halikuwa wizi wa gizani. Sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya Hispania ilimtaka mwenye hataza wa nje aitengeneze bidhaa yake ndani ya nchi hiyo katika muda uliowekwa. Asipofanya hivyo, mafundi wa Eibar walikuwa huru kuiiga.

Vita vilipopamba moto, kampuni ya Webley, iliyolitengenezea jeshi la Uingereza rivolva, haikuweza kutosheleza mahitaji ya jeshi hilo, na serikali ikaenda kununua nje, Marekani na Hispania. Mwezi Novemba 1915 jeshi hilo lilikubali rasmi rivolva za Eibar za .455 zenye mtutu wa inchi 5, kwa jina la O.P., yaani za muundo wa zamani. Namba 1 ilitoka kwa Garate, Anitua y Cía, na Namba 2 kwa Trocaola, Aranzabal y Cía.

Utambuzi: alama

Sasa ndipo nilipoichukua nembo. Chini ya kioo cha kukuzia, na mwanga ukitoka upande badala ya juu, herufi zilizosukwa hazikuwa S na W. Zilikuwa T, A na C. Zimepindwa kwa ustadi hivi kwamba mtu anayetarajia S&W ataiona S&W; ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini ni nembo halali ya Trocaola, Aranzabal na kampuni yao.

Ubavu wa kulia, ule ambao kitinda mimba hakuufikia, ulikuwa na alama ya mshale mpana wa serikali ya Uingereza na alama ya mkaguzi yenye taji, ile ile niliyoibandika Liège kwa haraka. Ubavu wa kushoto niliona kivuli tu cha alama nyingine. Msasa ulikuwa umekula kingo zake, na hakuna mwanga wowote uliorudisha kilichofutwa.

Alama mbili zaidi zilibadilisha kisa. Ya kwanza ilikuwa mishale miwili iliyotazamana ncha kwa ncha, ambayo serikali ya Uingereza iliigonga juu ya mali iliyotolewa jeshini na kuuzwa. Ya pili ilikuwa kwenye mtutu: alama za nyumba ya majaribio ya Birmingham, na kando yake maneno NOT ENGLISH MAKE, yanayomaanisha kwamba silaha haikutengenezwa Uingereza. Maneno hayo yaligongwa kwenye silaha za kigeni zilizofanyiwa majaribio huko kuanzia 1925. Rivolva ambayo simulizi iliiweka mkononi mwa babu mwaka 1918 ilikuwa imepita katika biashara ya Uingereza mwaka 1925 au baadaye.

Tarehe ya utengenezaji ilikuwa na uzito wake pia. Wapo wanaodhani kwamba nakala ya kielelezo cha 1870 ni silaha ya kale kwa sababu kielelezo ni cha kale. Sheria hutazama chuma kilichopo mkononi. Marekani, kwa mfano, sheria ya shirikisho huihesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na rivolva ya vita vya 1914 haiwezi kuingia humo kwa ujanja wowote.

Utambuzi: ufundi

Fundi alifungua skrubu ya mpini kwa bisibisi iliyochongwa ienee kwenye mfereji wake, na vibao viwili vya mbao vikatoka. Hapo ndipo panapopendeza kwa anayependa kazi ya mikono. Fremu kwa nje ilikuwa imesuguliwa vizuri. Kwa ndani, chini ya mbao, alama za tupa zilikwenda sambamba kama mistari ya daftari, kisha zikageuka ghafla pale fundi alipobadilisha mkono. Namba ndogo ya kuunganishia ilikuwa imegongwa ndani ya mpini, na namba hiyo hiyo ikapatikana kwenye silinda, kwenye mtutu na nyuma ya kibao kimoja. Tofauti na ilivyofanywa ndani ya kiwanda kimoja kikubwa, sehemu nyingi za Eibar zilikamilishwa kwa tupa ili ziingiane, kwa hiyo namba ya kuunganishia hueleza zipi zilizaliwa pamoja. Za silaha hii zilizaliwa pamoja.

Ufundi wa namna hiyo wengi huuita duni. Naona neno hilo ni la haraka. Sehemu ambayo mkono wa askari ungeigusa ilikamilishwa. Sehemu ambayo haingeonekana iliachwa na tupa, kwa sababu kulikuwa na oda kubwa na vita vinaendelea. Kuhusu ugumu wa chuma sikusema lolote, kwa kuwa jicho haliwezi kuupima, na katika taarifa niliandika kwamba silaha hii isipigwe risasi kabisa.

Kuthamini

Neno “thamani” lilikuwa limebeba maana tatu tofauti ndani ya familia moja. Kaka wa pili alimaanisha gharama ya kununua nyingine kama hiyo. Kitinda mimba alimaanisha kiasi ambacho mfanyabiashara angempa mkononi. Binti mkubwa alimaanisha kiasi cha haki cha kugawia mirathi. Nilimwomba achague kwa maandishi, naye, kwa ushauri wa wakili wa familia, akachagua bei ya soko huria kati ya mnunuzi na muuzaji wanaoruhusiwa kisheria, ambao wote wana taarifa na hakuna anayelazimishwa. Kila hesabu iliyofuata ilitokana na chaguo hilo.

Sikutumia bei zinazotangazwa, kwa kuwa tangazo ni ombi tu la muuzaji. Nilitumia mauzo ya minada yaliyokamilika, na nikatenga makundi matatu: nakala za Eibar za kawaida za kiraia, nakala za O.P. zenye alama za jeshi la Uingereza, na Smith & Wesson halisi za vita. Kundi la pili ndilo lililohusika. Nakala hizi hazitafutwi kwa sababu zinafanana na Smith & Wesson; hutafutwa na wanaokusanya rivolva zote zilizowahi kupokelewa rasmi na jeshi la Uingereza, na mkusanyaji wa namna hiyo hawezi kukamilisha safu yake bila nakala ya Eibar. Kwake alama ya mshale ina uzito kuliko jina la Marekani.

Kilichopandisha makadirio kilikuwa namba zinazolingana, silinda isiyochongwa, vibao vya asili, na alama zinazosomeka ubavu wa kulia. Kilichoshusha kilikuwa kutu ndani ya mtutu, mikwaruzo ya bisibisi kwenye komeo, na zaidi ya yote ubavu wa kushoto. Kutu ya juu juu ingeweza kutulizwa kwa mafuta na kitambaa. Rangi ya buluu ya chuma iliyodumu karne nzima na kuondolewa kwa msasa katika saa chache hairudi. Hata ikipakwa upya, mkusanyaji huihesabu kama hasara nyingine juu ya ile ya kwanza. Kwa ubavu huo peke yake nilipunguza takriban theluthi moja.

Makadirio ya mwisho hayakufika robo ya kiasi ambacho kaka wa pili alikuwa tayari kuachia. Lakini yalizidi sana yale niliyoyadokeza kwenye picha, nilipoiita kazi ya Liège.

Matokeo

Taarifa niliikabidhi kwa binti mkubwa, nikaeleza mbele ya wote watatu. Kaka wa pili aliuliza swali moja: “Kwa hiyo mzee, ni feki?” Nikamjibu kwamba feki ni kitu kilichotengenezwa ili kimdanganye mnunuzi kuhusu asili yake, na kwamba silaha hii ilinunuliwa na serikali iliyojua vizuri inanunua nini, kwa nani, na kwa nini. Ni nakala. Ina jina lake, mji wake na mwaka wake.

Alinyamaza kwa muda, kisha akasema haitaki tena. Halikuwa suala la fedha. Kilichomtoka ni ile picha ya afisa na zawadi ya kuagana. Familia ikakubaliana iuzwe kupitia mnada unaoruhusiwa kushughulika na silaha, na fedha zigawanywe sawa. Pendekezo la kuiharibu mifumo isiweze kufyatua tena, ili mmoja abaki nayo kama pambo lilijadiliwa likaachwa, kwa kuwa lingemaliza sehemu kubwa ya thamani na bado lingedai taratibu zake za kisheria. Iliuzwa ndani ya makadirio, upande wa chini. Sanduku la bati na kitambaa vilibaki kwa binti mkubwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kilikuwa mpangilio wa uchunguzi mara ulipokuwa sahihi: umbo, kaliba, historia ya nani angeweza kutengeneza nini na lini, na ndipo alama. Ningeanza na nembo kama familia ilivyoanza, ningeweza kuthibitisha nilichotarajia. Niliipata T, A na C kwa sababu wakati huo nilikuwa tayari najua kwamba S na W haziwezekani.

Pili, kuchagua aina ya thamani kwa maandishi kabla ya kutaja tarakimu yoyote kuliokoa kikao cha familia. Ndugu hao hawakuwa wakigombana juu ya kiasi. Walikuwa wakitumia neno moja kwa vitu vitatu.

Kilichoshindikana kinaanza kwangu. Jibu la siku ya kwanza lilikuwa na madhara kuliko nilivyofikiri. Baadaye niligundua kwamba baada ya kusoma maneno “thamani yake ni ndogo”, kitinda mimba alirudi kwenye msasa kwa saa nzima zaidi, akiamini hakuna cha kuharibu. Alama iliyofutika ubavu wa kushoto huenda ilikuwepo asubuhi ya siku ile. Haya yamenikaa moyoni. Mthamini akibahatisha kwa maandishi, neno lake hugeuka amri mkononi mwa mtu asiyejua kwamba lilikuwa bahati nasibu. Tangu hapo jibu langu la kwanza kwa picha yoyote lina mambo mawili tu: swali kuhusu risasi na polisi, na ombi kwamba silaha isisafishwe.

Kuhusu simulizi ya babu, niliipa ukurasa wake ndani ya taarifa, kwa kichwa “Simulizi ya familia”, na nikaandika inachokubaliana nacho na kisichokubaliana nacho. Alama ya Birmingham inasema silaha ilipita katika biashara ya Uingereza mwaka 1925 au baadaye. Haisemi ilikuwa mkononi mwa nani kabla ya hapo, wala haisemi babu hakupewa silaha nyingine mwaka 1918 akaipoteza, kisha akanunua hii. Binti mkubwa aliniuliza kama babu yake alidanganya. Nilimwambia kwamba simulizi hupita midomo mitatu kabla ya kufika kwa mjukuu, na kwamba chuma hiki hakiwezi kumshitaki wala kumtetea.

Kuna kitu kingeweza. Wiki tatu baada ya mauzo nilimuuliza, kwa kuchelewa mno, kama ndani ya sanduku la bati kulikuwa na kitu kingine. Kulikuwa na karatasi chakavu chini ya kitambaa, alisema, zilizoshikamana kwa mafuta, na zilitupwa siku sanduku liliposafishwa. Alikumbuka moja tu: ilikuwa na muhuri mwekundu na namba ndefu iliyoandikwa kwa wino, na namba hiyo hakuna aliyeinakili.